Busti ya Bure ni Mtego: Funga Baipasi Uone

Kila mtu anakumbuka Supra ya rangi ya chungwa kwenye The Fast and the Furious ya 2001. Wachache wanakumbuka gari ambalo Brian alikuwa anaendesha kazini kabla ya hiyo: pikapu nyekundu ya Ford yenye jina la duka la spea ubavuni. Wasee, ile haikuwa pikapu ya kubeba mchanga. Ilikuwa F-150 SVT Lightning, na ndani ya boneti kulikuwa na V8 ya lita 5.4 iliyokaliwa juu na supachaja. Kuna wakati ilishikilia rekodi ya Guinness ya pikapu ya kiwandani yenye kasi zaidi, maili 147 kwa saa, kabla Dodge Ram SRT-10 kuinyang'anya mwaka 2004.

Nimeitaja leo kwa sababu ya video fulani zinazozunguka. Unaona jamaa wa Marekani amefungua boneti ya Lightning yake, anachomoa paipu moja ndogo ya mpira, anaiziba, anafunga boneti, anakanyaga mafuta, tairi zinalia. Anageukia kamera na kusema amepata busti ya bure, dakika tano, shilingi sufuri. Halafu inboksi yangu inajaa swali moja: "Buda, hii inafanya kazi kwa Subaru?"

Msimamo wangu ni huu, na najua utawaudhi wengine: hiyo si kuongeza nguvu. Ni kuiziba gari mdomo. Na mtu anayekuuzia wazo hilo bila kukuambia kile umezima hakupendi, hata kama ana sauti tamu na kamera safi.

Sasa twende polepole, kwa sababu ukielewa jinsi kitu kinavyofanya kazi hakuna mtu atakudanganya tena.

Supachaja si tabo

Wengi wetu hapa tumekulia kwa tabo. Tabo inazungushwa na moshi unaotoka kwa injini. Ukiachia moshi mwingi upite kwa tabo, inazunguka zaidi na busti inapanda. Ukipitisha moshi huo kando, busti inashuka. Ndiyo maana kwa gari la tabo, kitu kidogo kama kimpira au skrubu kinaweza kubadilisha busti kabisa.

Supachaja ya Lightning ni hadithi nyingine. Ni Eaton M112, na hiyo 112 ni inchi za ujazo za hewa inayosukumwa kila ikizunguka mara moja, karibu lita 1.8. Inazungushwa na mkanda kutoka kwa krenki ya injini. Krenki ikizunguka, yenyewe inazunguka. Haina haja ya kungoja moshi. Kiasi cha busti kinaamuliwa hasa na ukubwa wa pulii mbili: ya krenki chini na ya supachaja juu. Kutoka kiwandani ilikuwa inatoa takriban pauni 8, na hiyo ndiyo iliipa pikapu nguvu farasi 360 mwaka 1999, kisha 380 kuanzia 2001.

Kwa hivyo ukitaka busti zaidi kwa Lightning kikweli, unabadilisha pulii. Unaweka kubwa zaidi kwa krenki au ndogo zaidi kwa supachaja. Hakuna paipu ya kuzibwa inayoweza kufanya supachaja izunguke haraka kuliko mkanda unavyoizungusha. Shika hilo, tutalirudia.

Sasa ile paipu inafanya nini?

Hapa mtu wa Nairobi ataelewa haraka kuliko mtu yeyote. Ndani ya mfumo wa supachaja kuna valvu ya baipasi. Inafanya kazi kama Southern Bypass. Ukiwa unaendesha pole pole, labda uko tu kwa foleni au unateremka, injini haihitaji hewa yote ambayo supachaja inasukuma. Kwa hivyo valvu inafunguka, na hewa inazunguka kando badala ya kulazimishwa ndani ya injini. Mafuta hayapotei bure na supachaja haipati joto la bure. Ukikanyaga mafuta, ule mvuto wa hewa uliokuwa ukiishikilia valvu unapungua, springi inaifunga, na sasa hewa yote inalazimishwa kuingia mjini. Hiyo ndiyo busti.

Lakini kwa Lightning, Ford waliongeza askari wa trafiki. Ni solenoidi inayoendeshwa na kompyuta ya gari. Kompyuta ikiona mambo si mazuri, kwa mfano joto limepita kiasi, inaweza kuifungua baipasi hata kama wewe umekanyaga mafuta mpaka chini. Busti inashuka. Gari linahisi limechoka. Unatukana. Lakini injini inaishi.

Ujanja wa "busti ya bure" ni kumfukuza huyo askari. Unachomoa paipu yake, unaiziba, kompyuta inapiga kelele na valvu haisikii.

Sasa fikiria na mimi. Baada ya kuziba, kuna mambo matatu tu yanayoweza kuwa yametokea.

La kwanza: kompyuta haikuwa inaingilia kati kabisa. Basi hujapata kitu. Pulii ni zilezile, mkanda ni uleule, busti ya juu ni ileile. Unahisi gari limekuwa kali kwa sababu umetaka lihisi hivyo, na kwa sababu sasa unakanyaga kwa nguvu ili uthibitishe.

La pili: kompyuta ilikuwa inapunguza busti kwa sababu ya msingi. Basi umepata nguvu, kweli, lakini umeipata wakati ule hasa ambapo injini ilikuwa inaomba upunguze.

La tatu: kulikuwa na kitu kibovu. Paipu imepasuka, solenoidi imechoka, valvu haifungi vizuri. Basi ulichohitaji ni kurekebisha ugonjwa, na wewe umekunywa dawa ya maumivu ukaenda kucheza mpira.

Niambie ni wapi kati ya hayo matatu kuna zawadi ya bure. Nimetafuta, sijaiona.

Joto ndilo linalipisha

Watu hupenda kuongea kuhusu pauni za busti kama ni alama za mtihani: yenye nyingi imeshinda. Tatizo ni kwamba hewa ukiibana inapata moto. Supachaja za aina ya Eaton M112 zinasifika kwa kutoa nguvu papo hapo kutoka chini, lakini pia zinajulikana kwa kupasha hewa zikisukumwa sana.

Niliacha chuo, kwa hivyo mkiona hesabu hapa msiogope, ni ya kalamu na karatasi. Chukua hewa ya nyuzi 30 kwenye usawa wa bahari. Tuseme supachaja inafanya kazi kwa ufanisi wa asilimia 55. Kwa pauni 8, hewa inatoka ikiwa na joto la takriban nyuzi 102. Ongeza mpaka pauni 12, ufanisi ukiwa uleule, inafika karibu 132. Na ukweli ni kwamba ukiisukuma zaidi, ufanisi wenyewe hupungua, kwa hivyo hiyo 132 ni mimi nimekuwa mpole. Lightning ina intakula inayopoza hewa hiyo kwa maji kabla ya kuingia kwa injini, na inasaidia sana. Lakini maji nayo yanapata moto. Ukifanya mbio moja, mbili, tatu bila kupumzika, intakula nayo inachoka.

Hewa ya moto ikiingia, kinachofuata ni kugonga. Mchanganyiko wa hewa na mafuta unalipuka wenyewe kabla ya moto wa plagi kuufikia. Badala ya pistoni kusukumwa, inapigwa nyundo. Mara moja, mara mbili, labda hutasikia, hasa kama umeweka ekzosi ya kelele na muziki uko juu. Siku moja pistoni inapasuka, au konrodi inakunjika. Na waulize watu wa Lightning, watakuambia konrodi za kiwandani ndizo zinaogopwa ukianza kuongeza nguvu. Hiyo V8 ya 5.4 pia ina sifa yake mbaya: nyuzi za kushikilia plagi ni chache, na kuna wengi ambao plagi zao zimeruka nje ya injini. Sasa weka presha zaidi juu ya hayo.

Hapo ndipo unaelewa kwa nini kompyuta ilipewa ruhusa ya kufungua baipasi. Wahandisi walijua injini yao vizuri kuliko jamaa wa video.

"Lakini kampuni huficha nguvu"

Hii ndiyo hoja ninayosikia sana, na sitaidharau kwa sababu nusu yake ni kweli. Kampuni haitoi gari likiwa kwenye ukingo wa uwezo wake. Huacha nafasi. Ndiyo maana kuna Lightning nyingi ambazo zimebadilishwa pulii, zikafanyiwa tyuni, na zinaishi miaka. Kutaka zaidi si dhambi. Gari ni lako, pesa ni yako.

Lakini ile nafasi haikufichwa ili wewe uikose. Iliwekwa kwa ajili ya siku ya joto kali. Kwa ajili ya kituo ambacho mafuta yake si mazuri. Hata huko Marekani, bomba zina 87, 91 na 93, na kuna majimbo ambapo 91 ndiyo ya juu utakayopata kirahisi. Kwa ajili ya mtu anayesahau kubadilisha oili. Kwa ajili ya wewe, ukiwa na pikapu ya zaidi ya tani mbili, unapanda mlima umebeba mzigo. Wazee walisema akiba haiozi. Ile nafasi ni akiba. Unaweza kuitumia, lakini ujue unaitoa benki, na ujue imebaki ngapi.

Tofauti kati ya kubadilisha pulii ukiwa na tyuni na kuziba paipu ni hii: wa kwanza anaiambia kompyuta ukweli. Anamwambia, "Hewa imeongezeka, ongeza mafuta, rudisha nyuma moto wa plagi kidogo, na bado ukiona hatari, kata." Wa pili anaificha kompyuta ukweli. Na kila sensa ina mwisho wa kipimo chake. Hewa ikipita pale, kompyuta inapeana mafuta ya hewa inayoiona, si hewa iliyoko. Ukosefu wa mafuta kwa busti ya juu ndiyo njia ya haraka zaidi ya kutoboa pistoni.

Sasa tuje nyumbani

Najua wengi wenu hamtawahi kushika Lightning. Zilitengenezwa mpaka 2004, usukani uko kushoto, na Kenya hairuhusu gari lenye usukani wa kushoto wala la zaidi ya miaka minane kuingizwa kama kawaida. Kwa hivyo tunaijua kwa skrini tu. Mbona nimekuchosha nayo basi?

Kwa sababu wazo limeshavuka bahari, hata kama pikapu haijavuka. Kuna kijana aliniandikia mwezi uliopita. Ana Forester XT ya tabo aliyonunua pamoja na kaka yake, wakichanga. Siku za kazi wanaitumia kupeleka bidhaa za wateja wao wa mtandaoni, wikendi ndiyo anaitoa kupigia picha. Aliona video ya Lightning, akaniuliza ni paipu gani azibe. Nilimuuliza kama ana geji ya busti. Hana. Nilimuuliza mara ya mwisho amepima kompresheni ya injini. Hajawahi. Nilimuuliza gari likikufa Jumatatu, bidhaa zitafika vipi. Alinyamaza kidogo kisha akaandika, "Bro ata sijafikiria hiyo."

Na kwake ni hatari hata kuliko kwa Mmarekani. Kumbuka nilisema supachaja inafungwa na pulii: ukiziba baipasi, haipiti pale mkanda unapoifikisha. Tabo haina mkanda. Ukichomoa au kuziba paipu inayodhibiti busti ya tabo, hakuna kinachoizuia kupanda isipokuwa kompyuta kukata mafuta. Na kuna watu wanauza vifaa vya kuidanganya kompyuta isikate. Wanaviuza mchana kweupe, na fundi wa kuvifunga hutamkosa.

Jambo lingine ambalo video za Marekani hazitakuambia: Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari. Presha ya hewa hapa ni karibu pauni 12, si 14.7 kama ya Mombasa au Miami. Ukiseti tabo yako ifike pauni 15 kwa geji, kule chini inabana hewa mara mbili hivi. Hapa juu inabidi ibane mara 2.25 ili geji isome namba ileile. Tabo inazunguka zaidi, inatoa hewa ya moto zaidi, na wewe unaona tu "15, kama ya jamaa wa video." Namba ni ileile lakini kazi si ileile. Kuiga namba ya mtu wa pwani ukiwa mlimani ni kama kuvaa kiatu cha mwenzako kwa sababu rangi imekupendeza.

Kama kweli unataka

Mimi si polisi wa magari. Napenda gari kali kuliko chakula. Kwa hivyo kama roho yako imeshikwa, fuata mpangilio, uwe na Lightning kule Texas au Forester hapa Umoja.

Anza na afya. Pima kompresheni ya kila silinda, angalia kama kuna hewa inayovuja, badilisha plagi na paipu zilizochoka. Magari mengi "yasiyo na nguvu" yanahitaji hii tu, na utashangaa.

Pili, pata macho. Geji ya busti, geji ya mchanganyiko wa hewa na mafuta, na njia ya kusoma joto la hewa na kugonga kwa injini. Bila hivyo unaendesha usiku bila taa. Geji haiongezi nguvu hata farasi mmoja, ndiyo maana watu huiruka, na ndiyo maana maduka ya spea kule Grogan hayatakosa wateja wa injini za mtumba.

Tatu, mafuta na upoaji. Pampu, injekta, intakula, maji. Nne, tyuni ya mtu anayesoma data ya gari lako mwenyewe, si faili aliyoitoa kwa simu ya mwingine. Mwisho kabisa ndiyo unagusa busti, kidogo kidogo, ukisoma kila hatua. Na kabla ya hayo yote, breki na tairi, kwa sababu nguvu ambayo huwezi kuisimamisha si yako.

Ukipiga hesabu uone hiyo pesa huna, basi jibu umelipata: bado hujafika. Hakuna aibu. Gari la kiwandani lenye injini nzima humpita kila gari kali lililoegeshwa juu ya mawe.

Na kwa wenzangu wenye kamera: najua jinsi hii biashara inalipa. Tairi zikilia watazamaji wanakuja. Injini ikipasuka wanakuja hata zaidi. Tunalipwa mara mbili na mwenye gari anapoteza mara moja, lakini anapoteza yote. Kama utaonyesha mtu paipu ya kuchomoa, mwonyeshe pia ilikuwa inalinda nini. Hiyo ni sekunde kumi zaidi. Kama sekunde kumi zinaharibu video yako, basi haikuwa video ya magari.

Kijana wa Forester amepima kompresheni wiki iliyopita. Silinda moja iko chini kuliko zingine. Angeongeza busti siku ile, leo kaka yake angekuwa anabeba mizigo kwa boda.